UZI: Ulaya na Japani wamejaa wazee, wanaitaka mikono yetu, lakini sisi wenyewe hawatutaki. Tatizo ni nini?

#1 Ngosha_Nyegezi (mleta mada)
Mwangaluka wakuu.

Huku mtaani kwetu kila nyumba yenye binti aliyesomea uuguzi inatafuta wakala. Huyu anataja Uingereza, yule Ujerumani, mwingine Japani. Ukitazama takwimu unaelewa. Japani karibu watu 29 katika kila 100 wana miaka 65 au zaidi. Korea Kusini mwaka 2023 wastani wa uzazi kwa mwanamke ulikuwa mtoto 0.72. Sisi, kwa utafiti wa 2022, ni watoto 4.8. Wao hawana wa kuwaogesha wazee wao, sisi tuna vijana wamekaa vijiweni na vyeti mkononi.

Kinachonishinda ni hiki. Agosti 2024 Uingereza watu walizingira hoteli zilizokuwa na waomba hifadhi wakajaribu kuziwasha moto. Kule Sunderland manesi Wafilipino walirushiwa mawe wakiwa ndani ya teksi, wanawahi zamu hospitalini! Yaani unampiga mawe mtu anayekwenda kumhudumia mama yako.

Je, ni rangi tu? Au wanaogopa kugawana pensheni na vitanda vya hospitali? Waliokaa huko na wanaozijua hesabu za hifadhi ya jamii, tiririkeni.

#2 Dagaa_Mkavu
Naweka kambi hapa. Dada yangu ana barua ya wakala mezani, nitamsomea majibu yenu.

#3 Mzee_wa_Makoroboi
Kijana, usizunguke. Ni rangi.

Mwaka 1948 Waingereza walikuwa wametoka vitani, hawana wa kuendesha mabasi wala wa kusukuma vitanda vya wagonjwa. Juni mwaka ule meli ya Windrush ikashusha watu wa Karibiani pale Tilbury, na Julai huduma yao ya afya ya taifa ikazaliwa. Weusi wakaibeba. Wakienda kutafuta chumba wanakuta kibao mlangoni kwamba weusi hawatakiwi. Sheria ya kwanza ya kupinga ubaguzi ilikuja 1965, na nyumba na ajira zikangoja ile ya 1968.

Halafu lipo linaloniuma kuliko yote. Waliofika wakiwa watoto wakazeeka huko. Mwaka 2018 ikafichuka kwamba serikali ilikuwa inawadai karatasi za kuthibitisha uhalali wao. Wengine wamenyimwa matibabu, wengine wamekatiwa mafao, wengine wamepandishwa ndege kurudishwa visiwani. Mtu amelipa kodi maisha yake yote, uzeeni anaambiwa wewe nani. Mzungu gani alifanyiwa hivyo?

#4 BintiNansio
Shikamoo mzee #3. Historia umeiweka sawa, ila "ni rangi tu" naipinga.

Japani mwaka 1990 walibadilisha sheria wakawaita Wabrazili wenye asili ya Kijapani waje viwandani. Babu zao ni Wajapani kabisa. Uchumi ulipoyumba, mwaka 2009 serikali ikawaambia: chukua yeni 300,000 ya nauli urudi Brazili, na kwa viza hiyo ya wenye asili ya Kijapani usirudi. Sasa hapo rangi iko wapi? Mimi naona ni pesa. Sufuria ikipungua, mgeni ndiye wa kwanza kunyang'anywa sahani.

#5 Mzee_wa_Makoroboi
Marahaba binti. Umenisaidia bila kujua. Kama hata mwenye damu yao alionekana mgeni, mimi wa Makoroboi nitaonekanaje?

#6 Nesi_wa_Zamu
Habari zenu. Mimi ni mzaliwa wa Sengerema, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee Uingereza. Naomba nieleze kwa kirefu, kwa sababu naona tunawajadili kama vile wote ni mtu mmoja.

Kuna bibi nilipomkaribia mara ya kwanza kumbadilisha alipiga kelele nisimguse, akanitaja kwa rangi yangu. Ana ugonjwa wa kusahau, kesho yake hakumbuki alichosema. Mimi nakumbuka. Kuna babu mwingine hali mpaka nimlishe mimi, watoto wake wakija anawaambia huyu ndiye binti yangu. Wanatabasamu kidogo, wanaangalia saa.

Nilichojifunza ni kwamba hasira za watoto wa hawa wazee zina sababu ambayo sisi hatuioni. Kwa England, mzee mwenye mali inayozidi pauni 23,250 anajilipia matunzo mwenyewe. Kiwango hicho hakijapandishwa tangu 2010. Akihamia kwenye nyumba ya wazee na nyumbani hajabaki mwenza, hata nyumba yake inahesabiwa. Kwa hiyo familia inaona nyumba ya mama inauzwa ili alipiwe kitanda. Anayepokea hela ni kampuni, lakini anayeonekana chumbani ni mimi na rafiki yangu kutoka Zimbabwe. Hasira inatua kwa aliye karibu.

Na mshahara ni mdogo. Wenyeji wanaikimbia kazi hii kwa sababu duka kubwa la mtaani linalipa sawa na hawainui mtu mzima usiku. Wangepandisha mshahara, nusu ya mjadala huu ungekwisha. Hawapandishi, wanaleta sisi, halafu wanatulaumu kwamba tumeshusha mishahara.

Dada wa #2 kama anaingia humu, anitafute kabla hajatoa hata shilingi.

#7 Ngosha_Nyegezi
Dada #6 pole sana na asante. Hii ya nyumba kuuzwa sikuijua kabisa.

#8 Hesabu_za_Kirumba
Nami niingize hesabu, maana hapo juu pana hofu kwamba wageni wanakula pensheni za wenyeji. Ni kinyume chake.

Nchi nyingi za Ulaya mstaafu wa leo analipwa na makato ya anayefanya kazi leo. Hakuna kibubu kilichofungwa chenye jina la mtu. Kijana wa miaka 28 anayetoka Mwanza amezaliwa, amechanjwa na amesomeshwa kwa gharama yetu. Anafika akiwa tayari kukatwa michango. Uingereza, usipofikisha miaka 10 ya michango hupati hata senti ya pensheni ya serikali, na pensheni kamili inataka miaka 35. Ujerumani kiwango cha chini ni miaka 5. Wengi wanarudi nyumbani kabla ya hapo. Zaidi, viza nyingi za kazi za Uingereza zinakuja na sharti la kutogusa misaada ya umma. Kodi unalipa, shida ikikupata ni yako.

Lakini nisiwape matumaini ya uongo kwamba wahamiaji ndio dawa ya uzee. Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti ukipima swali hilo hilo. Ili Korea Kusini ibaki na uwiano ule ule wa wafanyakazi kwa wazee hadi 2050, ingehitaji wahamiaji zaidi ya bilioni 5. Haiwezekani. Mhamiaji naye anazeeka, kama watu wa Windrush wa mzee #3.

#9 BintiNansio
Kwa hiyo dawa ni nini, mkuu?

#10 Hesabu_za_Kirumba
Japani tangu mwaka 2000 wana bima ya matunzo ya uzee, na kila aliyefikisha miaka 40 anachangia. Ujerumani walianza yao 1995. Kuna wanaorefusha umri wa kustaafu, kuna wanaobana mafao. Yote yanauma, na hakuna mwanasiasa anayetaka kwenda kuyasema mkutanoni. Kusema "wageni wamewamaliza" ni rahisi zaidi.

#11 Mhaya_wa_Muleba
Nimesoma kimya muda mrefu. Mnawasema Waingereza, haya. Mwaka 2013 mlikuwa wapi?

Julai mwaka ule Rais Kikwete akiwa Kagera aliwapa wahamiaji haramu siku 14 waondoke, na Septemba ikaja Operesheni Kimbunga kwa mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Huku kwetu waliondolewa watu walioolewa hapa, wakazaa hapa, wakazika hapa. Mama mmoja jirani yetu alivushwa kwenda Rwanda, nchi aliyotoka akiwa mtoto mgongoni. Mumewe, mzee mtu mzima, alibaki peke yake na ng'ombe. Nani alimpikia? Hakuna aliyemuuliza.

Waliotazamwa sura wakaambiwa "wewe si wa hapa" walikuwa weusi, na waliowatazama walikuwa weusi. Kwa hiyo mzee #3, tupanue kidogo.

#12 Doria_Geita
Mhaya, usichanganye mambo. Wakati ule kulikuwa na utekaji wa mabasi na silaha za kivita kwenye mapori ya Biharamulo na Burigi. Nchi yoyote ina haki ya kujua nani yuko ndani. Na hii hii Tanzania ndiyo iliyotoa uraia kwa Warundi waliokimbia 1972, zaidi ya 160,000, wale wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Nchi gani ya Ulaya imefanya hivyo kwa mkupuo? Wajerumani waliwaita Waturuki mwaka 1961, na mpaka sheria ilipobadilika mwaka 2000, mtoto wao aliyezaliwa kule hakupata uraia kwa kuzaliwa.

#13 Mhaya_wa_Muleba
Ya Warundi ni kweli, na najivunia. Ila yule mama alikuwa na bunduki gani?

#14 Kamanga_Asubuhi
Wakuu, mimi ni mtu wa mwaloni, kule samaki wanakoshushwa, nitasema kwa lugha ya mwaloni. Minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Vijana nao ndivyo hivyo hivyo. Mwenye nguvu na cheti anaondoka, kijijini wanabaki bibi na wajukuu. Halafu tunasema tumepata soko.

#15 Dagaa_Mkavu
Kamanga, nilijua tu utaleta samaki! Uzi wa bima ya afya ulileta sangara, wa daraja la Busisi ukaleta sangara. Ila leo umepatia.

#16 Hesabu_za_Kirumba
Amepatia kidogo. Panki halitumi hela kwa M-Pesa kila mwisho wa mwezi. Kuna nyumba ngapi Buhongwa zimeezekwa kwa hela za mtoto aliyeko nje? Tusikatae na hilo.

#17 Kamanga_Asubuhi
Hela inaezeka nyumba, mkuu. Haimpeleki bibi chooni usiku.

#18 Mama_Zamu_ya_Usiku
Wanangu, mimi ni muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi Magu na Kwimba. Nimefurahi kwamba #17 amefika pale nilipokuwa nangoja mfike.

Mnajadili wazee wa Ulaya kana kwamba sisi hatuna. Sensa ya 2012 ilihesabu wazee wa miaka 60 na zaidi kuwa kama milioni 2.5, na wanaongezeka. Katika wilaya nilizofanyia kazi, mzee anayeishi na wajukuu peke yao si habari. Watoto wako Dar, wako mgodini Geita, wako visiwani kwenye dagaa, wengine walikufa kwa UKIMWI miaka ya tisini wakaacha vitoto.

Na ubaguzi mnaoutafuta Sunderland, mimi nimeupokea mapokezi ya hospitali ukiwa umekatwa mapanga. Bibi amepikia kinyesi cha ng'ombe kikavu tangu usichana wake kwa sababu miti iliisha, moshi umemchoma macho yamekuwa mekundu, basi anaitwa mchawi. Mtoto akifa kwa malaria, mganga anaelekeza kwake. Ukichimba unakuta kuna shamba. Bibi ni mjane, ardhi anaishikilia yeye, mashemeji wanaitaka. Macho mekundu ni kisingizio.

Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003. Dirisha la wazee hospitalini lipo, na nimewahi kukaa hapo. Mzee anaonwa bure, anaandikiwa dawa, halafu anaambiwa dawa hiyo kanunue nje. Bukumbi pale Misungwi kuna makazi ya wazee wasio na mtu. Nendeni siku moja mkakae nao, wengi wao wana watoto walio hai.

#19 Ngosha_Nyegezi
Shikamoo mama. Nilifungua uzi kwa ajili ya Ulaya, umeugeuza, na nimekubali ugeuke. Lakini nina swali: kama tatizo letu ni ardhi na umaskini, je, pensheni kwa kila mzee ingepunguza? Bibi mwenye hela yake ya mwezi ana heshima nyumbani.

#20 BintiNansio
Hilo wenzetu wameshalianza. Zanzibar tangu 2016 kila mzee wa miaka 70 analipwa shilingi 20,000 kwa mwezi bila kuulizwa kama aliajiriwa. Ng'ambo ya ziwa, Kisumu, mzee wa 70 anapata shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Uganda nao wanalipa wa 70. Sisi wa Mwanza tunatazamana.

#21 Doria_Geita
Marekebisho: Uganda ni miaka 80, na ni shilingi 25,000 za kwao. Zanzibar imeshapandishwa hadi 50,000. Na huku bara kuna TASAF, kaya maskini zenye wazee zinalipwa.

#22 Mama_Zamu_ya_Usiku
Marahaba Ngosha. Doria, TASAF ni ya kaya iliyopita kwenye mchujo. Mzee ambaye mwanae ana bati jipya anaachwa, hata kama huyo mwana hajatuma kitu. Ndiyo maana inayolipwa kwa kila mtu kwa umri ni bora, haina mchujo wala mwenyekiti wa kumbembeleza.

#23 Mwl_Ngudu
Mkitaja pensheni mnanitonesha. Sisi walimu mwaka 2018 tuliambiwa mkupuo, yaani mafao unayopewa kwa mara moja ukistaafu, ni asilimia 25, Desemba Magufuli akasitisha, 2022 ikaja 33, 2024 ikapanda 40. Mtu amefundisha mpaka miaka 60 hajui atapokea nini. Kabla hamjanipangia pensheni ya kila mzee, nilipeni hii niliyokatwa.

#24 Dagaa_Mkavu
Mwalimu, kikokotoo hicho cha mafao kina uzi wake wa kurasa 90, tafadhali tusihamie huko. Dada yangu anauliza: wakala anasema nafasi za kutunza wazee Uingereza bado zipo, na anaweza kwenda na mtoto. Kweli?

#25 Nesi_wa_Zamu
Si kweli yote mawili. Tangu Machi 2024 mtunza wazee haruhusiwi kwenda na mume wala mtoto. Na tangu 22 Julai 2025 hawachukui tena watunza wazee wapya kutoka nje. Muuguzi aliyesajiliwa bado ana njia, lakini lazima afaulu mitihani ya lugha na ya usajili wa kule. Cheti cha udhamini, kile cha mwajiri cha kuombea viza, hakiuzwi. Aliyenileta mimi aliniuzia, na mpaka leo familia yangu inalipa deni. Mwajiri akinyang'anywa leseni ya kuleta wageni, una siku 60 za kupata mwingine au urudi. Wapo wenzangu wamelala kwenye makochi ya watu wakihesabu hizo siku.

Japani njia ya watunza wazee ipo tangu Aprili 2019, kwa mtihani wa Kijapani na wa kazi. Miaka 5, bila familia.

Mnaona mpangilio? Wanataka mikono bila mtu aliyeishika. Mtoto wako abaki kwa bibi yake, wewe umlee bibi wa mwenzako.

#26 Mzee_wa_Makoroboi
Sasa hapo utaniambia si ubaguzi?

#27 Hesabu_za_Kirumba
Ni hesabu baridi, mzee. Mtoto anahitaji shule na hospitali, hilo ni gharama. Mfanyakazi peke yake ni faida tupu. Wanaoandika sheria hizo wanakokotoa.

#28 Mzee_wa_Makoroboi
Na ni nani aliyeruhusiwa kumkokotoa binadamu hivyo? Jibu la swali hilo ndiyo rangi ninayoisema.

#29 BintiNansio
Mzee, lakini sheria hiyo inamhusu pia Mfilipino na Mhindi.

#30 Mzee_wa_Makoroboi
Na inawahusu Waaustralia wangapi?

#31 Doria_Geita
Niongeze kitu. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi 55 zenye uhaba wa watumishi wa afya ambazo hazitakiwi kuvamiwa na waajiri wa nje, na Tanzania imo. Kwa hiyo hata hao manesi hawatakiwi kuchukuliwa.

#32 Nesi_wa_Zamu
Orodha hiyo inazuia waajiri kuja kuwasaka. Nesi akiomba mwenyewe hakatazwi. Na mimi sipendi inavyotumiwa. Nilimaliza chuo nikakaa nyumbani nikingoja ajira, zahanati ya kijiji chetu ina nesi mmoja. Uhaba upo, na asiye na kazi yupo, katika wilaya hiyo hiyo. Nani anilaumu nikiondoka?

#33 Mama_Zamu_ya_Usiku
Mwanangu sikulaumu. Nilikuwa huyo nesi mmoja kwa miaka mingi, ningepata nafasi umri wako sijui ningefanya nini. Ila niulize: mama yako kule Sengerema anatunzwa na nani sasa hivi?

#34 Nesi_wa_Zamu
Nimemwajiri binti kutoka Ukerewe. Ana miaka 19, ni mpole, anampenda. Namlipa 80,000 kwa mwezi na chakula.

#35 BintiNansio
Dada, kwa upendo kabisa: huyo binti wa kwetu ana mkataba? Unamchangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii? Akiugua anatibiwa na nani? Maana nyumbani kwao Ukerewe naye ana bibi.

#36 Nesi_wa_Zamu
Mkataba hana. Mwenye kujua utaratibu wa kumwandikisha mfanyakazi wa nyumbani NSSF nikiwa nje ya nchi anielekeze, nitaanza na mshahara wa mwezi huu.

#37 Hesabu_za_Kirumba
Mwambie mdogo wako au ndugu anayeaminika aende ofisi ya NSSF Mwanza na kitambulisho chako cha NIDA na cha huyo binti, aulize usajili wa mwajiri binafsi. Michango ni asilimia 20 ya mshahara, mwajiri asipungue 10. Na huo mshahara wenyewe uupandishe kwanza.